Kombe wa damu nyekundu na manjano ya macho

MPENZI msomaji, juma hili nitakupeleka mbali kidogo na Busia, hadi kwenye matope ya pwani wakati maji yanapokupwa. Lakini safari yenyewe inaanzia papa hapa mpakani, katika chumba changu cha kuonea wagonjwa. Mambo machache kuhusu wagonjwa hao nimeyabadilisha ili wasitambulike.

Jumatatu moja mwaka jana aliingia dereva wa trela mwenye umri wa miaka 38. Macho yake yalikuwa manjano kama kiini cha yai. Alikuwa amechoka, hataki chakula, na alisema mkojo wake umegeuka rangi ukawa kama chai ya rangi. Mkononi alishika kile kijitabu cha chanjo ambacho maafisa wa afya hukiulizia mtu anapovuka kwenda Uganda.

"Daktari," akaniambia kabla hata sijamkaribisha kiti, "wenzangu wanasema nina homa ya manjano. Nitakuwaje nayo na sindano nilidungwa? Kadi ndiyo hii, tazama mwenyewe."

Nilimwambia kwamba kadi yake ilikuwa halali, tena tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilikubali kuwa chanjo hiyo moja yatosha maisha yote. Tatizo lilikuwa kwamba kadi ile inamkinga na ugonjwa mmoja tu, nao ndio homa ya manjano inayoletwa na virusi vinavyobebwa na mbu. Kuwa na macho manjano si jina la ugonjwa. Ni dalili, kama vile moshi ulivyo dalili ya moto, na mioto iko ya aina nyingi. Wengi wetu hapa mpakani huchanganya mambo haya mawili, na yamkini hata wewe msomaji umewahi kuyachanganya.

Chembe nyekundu za damu ya binadamu huishi siku 120 hivi, kisha huvunjwa. Katika kuvunjwa kwake hutoka rangi ya manjano, ambayo ini huichukua na kuimwaga katika nyongo, nayo nyongo huingia matumboni na kuutia mavi rangi yake ya kawaida. Ini likiugua, au mrija wa nyongo ukizibwa, au damu ikivunjwa kwa kasi kuliko kawaida kama inavyotokea katika malaria kali na katika ugonjwa wa selimundu, rangi ile hubaki mwilini, nayo huonekana kwanza katika weupe wa macho.

Basi nilianza kuuliza kama ilivyo desturi yetu. Je, anakunywa chang'aa? Hapana, bia mara moja moja. Kuna dawa anazotumia, hasa za kifua kikuu au za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi? Hakuna. Amekunywa dawa za miti shamba? Kwa siku mbili tu, baada ya macho kubadilika. Kisha akatamka jambo lililonifanya niiweke kalamu chini. Alisema kuna mwenzake analala katika nyumba ya wageni kule Malaba, naye ana macho kama yake.

Wagonjwa wawili wa rika moja na kazi moja, wanaugua katika juma moja. Hapo daktari huacha kufikiria ini la mtu na kuanza kufikiria chungu walichokula pamoja.

Gunia lililolowa

Malaba si mbali na Busia, ni mwendo wa nusu saa hivi mtu akiwa na gari, na siku mbili kila juma huwa naona wagonjwa huko. Nilimpata yule wa pili kesho yake. Akakubali kwamba ni kweli walikula pamoja. Ilikuwa mwezi mmoja nyuma, siku ambazo malori yalijipanga barabarani yakingojea kuvuka. Anayeishi huku anajua foleni ile. Mwaka 2020, wakati wa maradhi ya korona, ilinyoosha shingo kilomita kadhaa, na hata sasa, pamoja na kuwa forodha za nchi mbili zinafanya kazi chini ya paa moja, iko siku mitambo inakwama na madereva wanalala chini ya trela zao.

Mmoja wao, mzaliwa wa Kilifi, alikuwa amebeba gunia la kombe alilonunua kando ya hori mojawapo karibu na mji wa Mombasa. Alilinyunyizia maji njiani, na baada ya zaidi ya kilomita 900 kombe wale walikuwa bado hai. Siku ya tatu kwenye foleni wakawasha jiko la makaa, wakaweka sufuria, wakawachemsha kombe mpaka wakafunguka, wakala kwa ugali na pilipili. Walikuwa watu watano: madereva wanne na utingo mmoja.

Kati ya hao watano, watatu waliugua. Wawili hawakupata hata kuumwa na kichwa, na mmoja wa hao wawili ni huyo mwenye gunia aliyekula kuliko wote. Nitarudi kwenye fumbo hilo. Kwanza tumjue kombe mwenyewe, maana ukimjua utaelewa ugonjwa bila mimi kukuhubiria.

Mnyama asiye na kichwa

Wengi wetu huku, Wasamia, Wakhayo, Wateso na jirani zetu Waluo, tunajua samaki vizuri lakini kombe hatumjui mezani. Yeye ni jamaa wa mbali wa konokono, ila ana maganda mawili badala ya moja, yaliyoungwa kwa bawaba. Hana kichwa, hana meno wala ulimi. Ana mguu mmoja wa nyama anaochimbia mchanga, ana matamvua mapana kama ya samaki, na tumbo.

Jamii ya kombe ninayoizungumzia ni ile ambayo wataalamu huiita Arcidae. Jina hilo linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya sanduku au safina, kwa kuwa mmoja wa jamii hii aliitwa Safina ya Nuhu na Carl Linnaeus wa Sweden, mtu aliyepanga majina ya viumbe, ambaye (niruhusu kujivunia kidogo) alikuwa daktari. Huyu wa pwani yetu anaitwa Anadara antiquata, naye alipewa jina na Linnaeus huyo huyo mwaka 1758. Ukimshika mkononi utamtambua mara moja. Ni mnene, ana ukubwa wa sentimita 6 hivi, na maganda yake yana mistari iliyoinuka kama mbavu, ipatayo 40, inayotoka kwenye bawaba hadi ukingoni. Bawaba yenyewe imenyooka na ina meno madogo madogo mengi yaliyopangwa kama ya kitana. Huishi katika mchanga wenye tope na katika nyasi za baharini, kutoka Afrika Mashariki hadi visiwa vya bahari ya Pasifiki. Huku kwetu, kuanzia Kenya hadi Unguja, wanaomwokota zaidi ni akina mama na watoto wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali.

Sasa, ukimfungua kombe huyu akiwa mbichi, utashtuka. Anatoka damu nyekundu.

Konokono, pweza na kombe walio wengi hawana damu ya namna hiyo. Damu ya pweza ni ya samawati kwa sababu hubeba hewa ya oksijeni kwa kutumia madini ya shaba, na kombe wengi hawana rangi yoyote ya maana katika damu yao. Lakini jamii hii ina chembe nyekundu, na ndani ya chembe hizo mna hemoglobini, yaani kitu kile kile chenye madini ya chuma ambacho kinaifanya damu yangu na yako iwe nyekundu. Hemoglobini ya binadamu imeundwa kwa vipande vinne vinavyosaidiana kushika oksijeni. Ndani ya kombe hawa mmepatikana hemoglobini ya vipande vinne na nyingine ya vipande viwili tu, navyo pia husaidiana, jambo lililowavutia sana wataalamu wa kemia ya mwili. Tofauti moja ni kwamba chembe nyekundu za kombe zina kiini ndani yake, hali zetu zikikomaa hukitupa.

Kwa nini apewe damu hiyo? Kwa sababu anapoishi ni mahali pa dhiki. Tope la pwani halina hewa nyingi, na maji yakikupwa kombe hubaki nchi kavu kwa saa kadhaa. Hemoglobini humsaidia kushika kila chembe ya oksijeni inayopatikana. Ikiisha kabisa, hufunga maganda yake, hupunguza shughuli za mwili, na kutengeneza nguvu kwa njia isiyohitaji oksijeni. Ndiyo maana kombe wa gunia lile walifika Malaba wakiwa hai. Dereva wetu alidhani uhai huo ni ushahidi kwamba chakula ni salama. Hapo ndipo mtego ulipo.

Chujio lenye tumbo

Kombe hatafuti chakula, hukingoja. Matamvua yake yamejaa vijinywele vidogo visivyoonekana kwa macho, ambavyo hupepea bila kukoma na kuvuta maji ndani. Maji yanapopita, kila kitu kidogo kinachoelea hunaswa katika ute na kusukumwa mdomoni. Kombe mmoja aliyekomaa anaweza kuchuja lita nzima ya maji au zaidi kwa saa moja. Fanya hesabu mwenyewe kwa siku, kisha kwa mwezi.

Akiwa mahali pa maji safi, anachokula ni mimea midogo ya baharini. Akiwa karibu na mji ambao maji taka ya vyoo yanamiminika katika hori, anachuja na hayo pia. Virusi na bakteria vilivyokuwa vimetapakaa katika maji mengi hukusanyika katika mwili mdogo, hata wingi wao ndani ya kombe ukazidi ule wa majini mara nyingi sana. Kombe mwenyewe haugui, kwa sababu virusi vya binadamu haviwezi kuzaana ndani yake. Yeye ni ghala tu.

Isitoshe, fikiria tunavyomla. Samaki tunampasua, tunatoa matumbo, tunatupa. Kombe tunamla mzima, pamoja na tumbo lake na vyote vilivyomo. Nadhani mama wa Port Victoria au wa Sio Port angecheka sana kama ungemwandalia mbuta na matumbo yake.

Kuna wanaodhani kwamba kumweka kombe katika ndoo ya maji safi usiku kucha kutamsafisha. Ni kweli kwa kiasi fulani kwamba atatoa mchanga na sehemu kubwa ya bakteria. Virusi lakini hushikilia ndani ya tumbo lake kwa siku nyingi, hata majuma.

Yaliyotokea Shanghai

Mfano mkubwa kuliko yote wa jambo hili ulitokea China katika miezi ya kwanza ya mwaka 1988. Katika mji wa Shanghai watu karibu 300,000 waliugua homa ya ini aina ya A katika muda wa miezi michache. Uchunguzi ulipofanywa, ilionekana kwamba waliougua walikuwa wamekula kombe wa jamii hii hii ya damu nyekundu, waliovuliwa pwani ya Qidong kwenye maji yaliyochafuliwa na vyoo. Watu wa huko walipenda kombe wakiwa nusu wabichi. Walikuwa wakiwatia katika maji moto kwa muda mfupi tu, mpaka ganda lilegee, kisha wanawala damu ikiwa ingali inadondoka, kwa imani kwamba ni tamu na inaongeza nguvu. Baadaye uuzaji wa kombe hao ulipigwa marufuku mjini humo.

Virusi vya homa ya ini aina ya A ni sugu. Vinaweza kustahimili joto la nyuzi 60 za Sentigredi kwa saa nzima. Ili uwe na hakika kwamba vimekufa, ni lazima joto ndani ya nyama ya kombe lifike nyuzi 90 na likae hapo dakika moja na nusu. Kombe hufungua maganda mapema kabla joto la ndani halijafika huko. Tafadhali soma sentensi hiyo mara ya pili, kwani hapo ndipo madereva wetu walipopotea. Kufunguka kwa ganda ni dalili kwamba kombe amekufa. Si dalili kwamba kilichomo ndani yake kimekufa.

Tena Malaba na Busia ziko juu ya bahari kiasi cha mita 1,200, kwa hivyo maji huku huchemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100. Kombe wengi wakijazwa katika sufuria moja, wale wa katikati hupata joto kidogo zaidi. Pilipili, siki na maji ya ndimu haviui virusi hivyo, wala pombe inayoteremshia chakula.

Nani anaugua, nani haugui

Sasa lile fumbo. Kwa nini mwenye gunia hakuugua?

Katika nchi kama yetu, watu wengi hukutana na virusi hivi wangali watoto, kupitia maji ya kunywa na mikono isiyonawishwa baada ya choo. Mtoto mdogo akiambukizwa, mara nyingi haonyeshi dalili zozote, au ana homa kidogo na kuharisha, na mama hajui kitu. Baada ya hapo amepata kinga ya maisha. Mwenye gunia alilelewa kijijini, akinywa maji ya kisima cha wazi. Yamkini aliugua na kupona akiwa na miaka 3 bila mtu kujua. Dereva wangu wa kwanza alilelewa Nairobi katika nyumba yenye bomba la maji na choo cha ndani. Usafi ulimkinga utotoni, ukamwacha bila kinga ukubwani. Mtu mzima asiye na kinga ndiye anayegeuka manjano, anayelala majuma kadhaa, na ndiye anayeweza kufa, ingawa wanaokufa ni wachache.

Wala usinielewe vibaya. Sisemi watoto wanyweshwe maji machafu. Maji hayo hayo yana kipindupindu, ambacho tangu kiingie Kenya mwaka 1971 hakijawahi kututoka kabisa, yana homa ya matumbo, na yana homa ya ini aina ya E ambayo huwaua waja wazito. Iko chanjo ya aina ya A, imetumika duniani tangu miaka ya 1990, ila haimo katika chanjo za kawaida za watoto wetu, na anayeitaka huinunua. Kwa dereva wa masafa marefu au mpishi wa hoteli aliyekulia mjini, naona pesa hizo hazipotei.

Kutoka siku ya kuambukizwa hadi siku ya kugeuka manjano hupita majuma mawili hadi saba, kwa kawaida manne. Ndiyo maana mtu husahau alichokula. Na katika majuma mawili kabla ya macho kubadilika, hali anajiona mzima, ndipo anapotoa virusi kwa wingi chooni. Anayepika chapati kandokando ya foleni ya malori bila kunawa kwa sabuni anaweza kuwagawia wengi.

Nilituma damu ya wagonjwa wangu katika maabara ya mji mkubwa, na majibu yakathibitisha aina ya A kwa wote watatu. Kwamba ni kombe hasa waliowaletea, siwezi kuapa mahakamani, kwani hakuna kombe hata mmoja aliyebaki wa kupimwa. Lakini chakula pekee ambacho wote watatu walishiriki, katika siku zinazolingana na ugonjwa, ni kile.

Utingo

Madereva wawili walipona. Hakuna dawa ya kuua virusi hivi. Tulicho nacho ni mapumziko, maji mengi, uji na matunda kidogo kidogo, kuacha pombe kabisa kwa miezi kadhaa, na kutotumia dawa yoyote, iwe ya duka au ya mizizi, bila kumwuliza daktari. Hata panadoli, ikizidi kiasi, huliumiza ini. Dereva wa kwanza alirudi kazini baada ya majuma sita.

Utingo hakupona. Alikuwa na miaka 27. Aliletwa siku ya tisa, baada ya kunywa dawa chungu ya mizizi kwa siku sita mfululizo, na alipofika alikuwa ameanza kusema maneno yasiyoeleweka na fizi zinatoka damu. Tulimpeleka hospitali kubwa usiku ule ule. Alifariki siku ya nne. Damu yake ilionyesha kwamba mbali na aina ya A, alikuwa ameishi kwa miaka na homa ya ini aina ya B bila kujua. Ini lililokwisha dhoofishwa na aina ya B likipigwa na aina ya A, huweza kuanguka ghafla. Alizaliwa kabla ya chanjo ya aina ya B kuanza kutolewa kwa watoto wachanga wa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Kwa hiyo ukiona macho yako au ya mwenzako yamegeuka manjano, nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama huna homa. Na yakiandamana na usingizi usio wa kawaida, kuchanganyikiwa, kutapika kusikokoma, au kutokwa na damu, usingoje kupambazuke. Anayetumia dawa za kifua kikuu na akageuka manjano asinyamaze nyumbani wala asiendelee kuzimeza kimya kimya, kwani dawa zenyewe zaweza kuwa chanzo. Aende kliniki yake mara moja.

Maswali mnayoniuliza

Tangu nianze kusimulia jambo hili, wagonjwa wameniuliza mengi, na baadhi nitayajibu hapa.

Mama mmoja mja mzito wa Malaba aliuliza kama kombe wa damu nyekundu ataongeza damu yake. Swali lake si la kuchekwa. Kombe ana madini ya chuma na vitamini B12 kwa wingi, na akipikwa vizuri ni chakula bora. Lakini huku kwetu damu hupungua kwa sababu ya malaria, kwa minyoo ya safura inayofyonza damu matumboni, na kwa uhaba wa chuma katika chakula. Vyote hivyo vina tiba karibu na nyumbani. Vidonge vya chuma na foliki vinatolewa kliniki ya waja wazito, na kila kidonge kina miligramu 60 za chuma. Omena, maini, nyama na mboga za kienyeji viko sokoni kila siku. Hakuna haja ya kungoja trela kutoka Mombasa.

Wengine wameuliza kuhusu kombe wa Ziwa Viktoria. Wapo, ila ni wa jamii nyingine na hawana damu nyekundu. Nao huchuja maji, kwa hivyo kanuni ya kupika ni ile ile. Usiwachanganye na konokono wa kichocho. Konokono huyo ana ganda moja, na madhara yake hayaji kwa kumla bali kwa kuingia katika maji anamoishi.

Mfugaji wa kuku kutoka upande wa Nambale ananunua maganda ya kombe yaliyosagwa ili mayai yawe na ganda gumu, na anaogopa. Asiogope. Maganda ni chokaa tupu, kuku hawapati homa hii ya ini, na maganda yaliyooshwa na kuanikwa juani siku nyingi hayana shida. Anayesaga ndiye afunge kitambaa puani, maana vumbi lile si zuri kwa mapafu.

Na yule mwenye gunia? Alikuja mwenyewe, akiwa na majonzi, kuniuliza kama aache kula kombe. Nilimwambia hapana. Anunue kwa mtu anayejua walikookotwa, mbali na mifereji ya mji. Atupe kila aliyekufa kabla ya kupikwa, yaani mwenye ganda wazi asiyelifunga akigongwa. Achemshe wachache wachache katika maji yanayotokota, na wakishafunguka aendelee kuwachemsha kwa nguvu dakika tano nyingine. Aliyekataa kufunguka asilazimishwe, atupwe.

Nilimwonya pia juu ya jambo moja ambalo moto hauliwezi. Kuna mimea midogo ya baharini ambayo nyakati nyingine hustawi ghafla, na baadhi yake ina sumu inayopooza mishipa. Kombe huichuja na kuihifadhi bila kudhurika. Sumu hiyo haivunjwi kwa kuchemsha, na haina rangi wala harufu. Mtu akila kisha midomo, ulimi na vidole vikafa ganzi katika dakika chache au saa chache, apelekwe hospitali mbio, kwani pumzi inaweza kukatika, na tiba iliyopo ni kumsaidia kupumua mpaka sumu itoke. Wavuvi wa pwani husikia habari hizi kabla yetu, na mahali wanapokataa kuokota, mgeni asiokote.

Mjane wa utingo yuko hapa hapa Busia na mtoto wa miaka 4. Mtoto alipata chanjo zake zote kliniki, na kadi yake inaonyesha hivyo. Mama mwenyewe tulimpima aina ya B, hakuwa nayo, nasi tukamwanzishia chanjo. Amekwisha pata sindano mbili, na ya tatu huja miezi sita baada ya ile ya kwanza. Ameiandika tarehe yake kwa kalamu nyekundu nyuma ya kadi ya mtoto ili asiisahau.